Nani Aliyemtisha? Riwaya ya Rosa Mistika na Suala la Kutoa Mimba



Marehemu ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa swala na mtu wa vitabu. Siku moja, katika miaka ya sabini, alimkuta binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, amejibanza uani anasoma kitabu kidogo ambacho jalada lake lilikuwa limechakaa kwa kupita mikono mingi. Ami alikichukua, akakifungua katikati, akasoma mistari michache. Kisha akaenda nacho jikoni akakitia mekoni. Hakusema neno, wala binti hakusema neno. Sisi vijana tuliokuwapo tulichojua ni kwamba kitabu kile kinaitwa Rosa Mistika, na kwamba ndani yake mna msichana anayetoa mimba.

Mimi sikukisoma mpaka nilipokuwa mtu mzima, baba wa mabinti. Nilikisoma kwa kutaka kujua ami alichoma nini. Kabla ya hapo, maoni yangu juu ya kutoa mimba yalikuwa mafupi mno: ni haramu, aliyefanya ni mkosa, mazungumzo yamekwisha. Nilipomaliza kusoma, haramu ilibaki kuwa haramu. Lakini hesabu yangu ya wakosa ilikuwa imeongezeka.

Katika makala haya nataka tuitazame historia ya kitabu hicho, historia ya sheria tulizorithi juu ya jambo hili, na yale waliyoyasema wanazuoni wetu tangu zamani. Naamini tukiyaweka matatu hayo pamoja tutaona jambo ambalo wengi wetu tumelisahau.

KITABU NA ZAMA ZAKE

Mwandishi wa Rosa Mistika ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Alilelewa katika Ukatoliki na akasoma seminari, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya hii, ambayo ni ya kwanza kwake, ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, naye akiwa kijana wa miaka 27 tu. Baadaye alikuwa profesa na mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili, akafariki mwezi wa Januari 2020.

Tukumbuke zama zenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na mwaka huo huo ikatoka siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Wasichana walikuwa wakitoka vijijini na visiwani kwenda shule za bweni katika miji ya mbali. Mwaka ule ule wa 1971 ndipo Tanzania ilipopitisha Sheria ya Ndoa. Nchi nzima ilikuwa ikijiuliza binti wa Kiafrika alelewe vipi na amtii nani. Vitabu vingi vya wakati ule vilijibu swali hilo kwa mawaidha. Kezilahabi alilijibu kwa kisa, na kisa chake kilikuwa kichungu.

Jina la kitabu lenyewe lina kitendawili. Rosa Mistika ni moja katika majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwita Bibi Maryamu, maana yake ni waridi lenye siri takatifu. Mzazi aliyempa binti yake jina kama hilo alimtakia utakatifu. Riwaya inaonyesha jinsi binti huyo alivyofikishwa mbali na jina lake.

KISA CHENYEWE

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, watu wa kijijini Ukerewe. Zakaria ni mlevi na mkali. Mkewe anapigwa, na watoto wanaishi kwa kuangalia uso wa baba leo umeamkaje. Rosa anapopata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles, na baba akaigundua, kipigo anachopata ni cha kumfunza kuwaogopa wanaume wote na kumwogopa babake kuliko wote. Basi akakua hivyo, amefungwa kwa hofu. Hakuna aliyekaa naye chini kumweleza mwili wake, wala nafsi yake, wala hila za watu.

Kisha anakwenda shule ya bweni Mwanza. Fimbo ya baba imebaki ng'ambo ya maji. Msichana ambaye ulinzi wake wote ulikuwa fimbo sasa hana ulinzi wowote. Hapo ndipo anapoanza kuteleza. Tena tazama ni nani wanaomtelezesha: ni wanaume wenye vyeo na pesa. Hata alipofika Morogoro kusomea ualimu, mkuu wa chuo chenyewe, aliyewekwa kuwalinda wasichana wa watu, ni mmoja wao. Katika mapito hayo Rosa anatoa mimba. Mwishowe anarudi kwa Charles, wanataka kuoana, na Rosa anatamani kuanza upya. Lakini mambo yake ya nyuma yanapojulikana, mchumba anamwacha. Rosa anajiua.

Sitasimulia zaidi ya hapo. Nataka msomaji aone mpangilio wenyewe: msichana huyu alipita mikononi mwa wanaume wengi, na kila mmoja alichukua alichotaka akaendelea na safari yake. Gharama yote ililipwa na mtu mmoja.

KWA NINI KILIPIGWA MARUFUKU

Kitabu hakikukaa muda mrefu kabla ya kupigwa marufuku mashuleni Tanzania. Ilionekana kwamba kinaeleza mambo ya zinaa kwa uwazi usiowafaa wanafunzi. Baadaye amri ililegezwa, na kitabu kikaja kusomwa na kufundishwa shuleni na vyuoni, hata leo wasomi wa Kiswahili hawawezi kuandika historia ya riwaya yetu bila ya kukitaja.

Sitaki kuwadharau waliokizuia, wala ami yangu aliyekichoma. Ndani yake mna kurasa ambazo baba mwenye haya hawezi kuzisoma kwa sauti sebuleni. Si kitabu cha kumpa mtoto mdogo. Sisi watu wa pwani tuna adabu yetu ya maneno, na adabu hiyo ni mali ya thamani. Wazee wetu walijua kusema jambo zito kwa kulifunika.

Lakini wazee wetu walisema, wala hawakunyamaza. Mwana Kupona binti Msham, katikati ya karne ya kumi na tisa, alipokuwa mgonjwa na anahisi mauti yanakaribia, alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Utendi huo umesomwa Lamu, Mombasa na Unguja kwa vizazi. Kadhalika, kila msichana wa pwani aliyebaleghe alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke mtu mzima aliyepewa kazi ya kumfunza yale ambayo mama hawezi kuyatamka. Usiri ulikuwapo, na mafunzo yalikuwapo ndani ya usiri huo.

Zilipokuja shule za bweni na maisha ya miji mikubwa, tuliubakisha usiri tukayaacha mafunzo. Somo alitoweka katika nyumba nyingi, na nafasi yake haikuchukuliwa na mtu. Kwa hiyo, ijapokuwa Rosa ni Mkatoliki wa Ukerewe na sisi ni Waislamu wa mwambao, nyumba ya Zakaria inaweza kuwa jirani na yangu na yako.

SHERIA TULIZORITHI

Sasa tuitazame sheria ya serikali iliyokuwapo kitabu kilipotoka, na ambayo kwa sehemu kubwa bado ipo. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ni ya mwaka 1930, wakati wa Waingereza, na mizizi ya vifungu vyake juu ya mimba inarudi kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 150 kinamtishia anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 151 kinamtishia mwanamke mwenyewe kwa miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vyombo, miaka 3. Kifungu cha 230 kinamkinga tabibu anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuyaokoa maisha ya mama.

Waingereza wenyewe waliigeuza sheria yao mwaka 1967, wakaruhusu mambo mengi ambayo dini yetu haiyakubali. Huku kwetu ile ya zamani ikabaki. Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 26, ilisema kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa kwa hali maalumu, kama vile hatari kwa uhai au afya ya mama kwa maoni ya mtaalamu wa afya.

Visiwani Zanzibar ilipitishwa sheria mwaka 1985 ambayo iliweza kumfunga jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Nia yake ilikuwa kulinda maadili. Lakini fikiri, msomaji: msichana akijua kwamba tumbo lake litampeleka jela, atafanya nini likingali dogo? Mwaka 2005 sheria ile ilibadilishwa, kifungo kikaondolewa, ikawekwa adhabu ya kuitumikia jamii.

Tanzania Bara, kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwaka 2016 sheria iliongezwa makali kwa mwanamume anayempa mwanafunzi mimba, kifungo cha miaka 30. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitoa tangazo kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni.

Tazama njia ndefu hiyo. Kwa muda mwingi, vitisho vyetu vilimwelekea msichana kwanza, na mwanamume akafikiwa mwisho. Je, vitisho vilizuia? Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake, Tanzania, zilitolewa mimba zipatazo 405,000, nyingi kwa siri na kwa njia za hatari. Nyuma ya kila moja kuna mwanamke, na karibu kila mwanamke huyo ana baba, ana mama, ana mtaa. Nasi tunaosoma gazeti hili ndio baba hao na ndio mtaa huo.

WANAZUONI WALISEMA NINI

Huenda msomaji akaniambia: "Maalim, yaache ya riwaya na ya Waingereza. Tuambie dini inasemaje." Ni haki.

Qur'ani Tukufu inakataza kuua watoto kwa kuogopa ufakiri, katika Suratul An'aam na Suratul Israa. Na katika Suratut Takwir yamo maelezo ya Siku ya Kiyama, ambapo mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Mtoto ndiye atakayeulizwa, na katika kuulizwa kwake mna fedheha kubwa kwa aliyemzika. Mwenyezi Mungu anampa sauti yule aliyenyimwa sauti.

Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza jinsi mtoto anavyopitia hatua tumboni, siku arubaini arubaini, kisha hupulizwa roho. Kwa ajili hiyo wanazuoni wamehesabu siku 120, na baada ya siku hizo wameafikiana kwamba kuitoa mimba ni haramu. Wengi wa wanazuoni wa zama zetu wamevua hali moja tu, nayo ni pale mama atakapokufa kama mimba haikutoka, maana yeye ndiye shina na mtoto ni tawi.

Kabla ya siku hizo wametofautiana. Wamaliki ndio wakali zaidi, hata kabla ya siku 40. Miongoni mwa Mahanafi wapo walioruhusu kwa udhuru. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, ametaja udhuru wa mama anayenyonyesha ambaye maziwa yake yatakatika kwa mimba mpya, na baba hana uwezo wa kukodi mnyonyeshaji, hata ikahofiwa mtoto aliyezaliwa atakufa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba kuitoa mimba ni kukikosea kitu ambacho kimekwisha kuwapo, na kosa hilo lina daraja: kila mimba inavyokua ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Wafasiri wa Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kwa vizazi, nao wamelizungumza kwa urefu na hawakuwa na kauli moja.

Sitaji hayo ili msomaji ajichagulie kauli iliyo nyepesi. Mwenye tatizo na aende kwa mwanazuoni anayemwamini, na kwa daktari anayemwamini. Nayataja ili tuone kwamba wazee hawa waliuliza maswali: Mimba ina muda gani? Mama yu hali gani? Yupo mtoto anayenyonya? Baba ana uwezo gani? Hawakuitoa hukumu hewani. Waliitoa juu ya mtu mwenye nyumba, mwenye njaa, mwenye mtoto mgongoni.

HUKUMU YA ALI JUU YA UMAR

Yapo matukio mawili katika historia yetu ambayo niliyasoma nikiwa kijana na nikayaelewa baada ya kuisoma riwaya.

La kwanza limo katika vitabu vya fiqhi, mlango wa diya. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab, ilimfikia habari ya mwanamke ambaye mumewe yuko safarini na watu wanaingia kwake. Umar akatuma mtu amwite. Sote twajua haiba ya Umar. Mwanamke aliposikia kwamba anaitwa naye, akashikwa na hofu kubwa. Na njiani, kwa hofu ile, uchungu ukamshika. Akaingia nyumba moja, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto akalia, kisha akafa.

Umar akawataka shauri Masahaba. Baadhi yao walimwambia kwamba hana la kulipa. Yeye ni mtawala, na kazi yake ni kutia adabu. Sayyidna Ali alikuwa kimya. Umar akamwuliza, na Ali akajibu, kwa maana yake, kwamba ikiwa wenzake wamesema kwa rai yao basi wamekosea, na ikiwa wamesema ili kumpendeza Umar basi hawakumpa nasaha ya kweli. Diya ya mtoto yule, akasema, ni juu yako, kwa sababu wewe ndiye uliyemtisha. Na Umar, Mungu amridhie, akaikubali hukumu ile, diya ikalipwa na jamaa zake.

Soma tena, ndugu yangu. Mwanamke alikuwa ameshukiwa jambo baya. Umar alikuwa na haki ya kumwita. Hakumgusa kwa mkono. Hata hivyo Ali hakuanza kwa kuuliza mwenendo wa mwanamke. Aliuliza ni nani aliyemtisha, na hofu ikahesabiwa kuwa sababu yenye kulipiwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Zakaria. Ingelikuwa kesi ya Rosa imeletwa mbele ya Ali, nadhani mzee yule wa Ukerewe angeliitwa. Na mkuu wa chuo angeliitwa. Na huenda baadhi yetu tungeliitwa.

MWANAMKE WA GHAMID

Tukio la pili limo katika Sahihi Muslim. Mwanamke wa kabila la Ghamid alimjia Mtume (S.A.W.), akakiri zinaa na akasema ana mimba. Alitaka atwaharishwe. Mtume akamrudisha mpaka ajifungue. Akajifungua, akarudi na mtoto. Mtume akamrudisha tena mpaka amwachishe ziwa. Akarudi mara nyingine, mtoto akiwa na kipande cha mkate mkononi. Ndipo mtoto alipokabidhiwa Mwislamu wa kumlea, na hukumu ikapitishwa kwa mama.

Wanazuoni wamechukua hapo dalili ya heshima ya mtoto aliye tumboni. Mimba ile ilikuwa ya zinaa, na mama mwenyewe alikuwa ameiomba adhabu. Hata hivyo uhai wa mtoto haukuguswa, na hata ziwa lake halikukatizwa. Anayetaka kuitumia riwaya kusema kwamba mtoto wa zinaa hana haki, Hadithi hii inamjibu.

Lakini Hadithi haikuishia hapo. Khalid bin Walid alirusha jiwe, damu ya mwanamke ikamrukia usoni, naye akamtukana. Mtume (S.A.W.) akamkataza, akamweleza kwamba mwanamke yule ametubu toba ambayo lau angeliitubu mtoza ushuru mwenye kudhulumu watu, angelisamehewa. Kisha akaamuru aswaliwe, akazikwa. Anayetaka kuitumia dini kumtukana msichana aliyeteleza, Hadithi hiyo hiyo inamjibu naye.

Na tuizingatie hali ya mwanamke huyu. Alikuwa na mimba ya zinaa na aliweza kuja mbele ya Mtume akaitamka kwa ulimi wake. Hakuwa na haja ya kuificha kwa mizizi na vijiti, kwa kuwa palikuwa na mahali pa kusemea, na mtu wa kumsikiliza bila ya pupa. Rosa hakuwa na mahali hapo. Wangapi miongoni mwa mabinti zetu wanapo?

RIWAYA INAFANYA KAZI GANI

Sasa niseme jinsi kitabu cha kubuni kinavyoweza kuyagusa maoni ya mtu juu ya jambo kama hili.

Riwaya haitoi fatwa. Kuhurumia mtu ndani ya kisa si dalili ya sheria. Kijana anaweza kuisoma Rosa Mistika akatoka na fikra kwamba, maadamu Rosa alidhulumiwa, basi lolote alilolifanya ni halali. Hilo ni kosa la hesabu. Mtu anaweza kudhulumiwa na bado akadhulumu; na aliye tumboni hakuwa na mkono katika dhuluma ya Zakaria. Kwa hiyo asomaye kitabu kigumu asome na mwalimu, au mzazi, au rafiki mwenye akili, na azungumze baada ya kusoma.

Faida ya riwaya iko kwingine. Fatwa huanza pale mwulizaji anapouliza, na mara nyingi mimba tayari ipo. Riwaya huanza miaka kumi kabla ya hapo. Inakuonyesha barua, inakuonyesha fimbo, inakuonyesha mama aliyenyamaza, bweni, mwanamume mwenye gari, mwalimu mwenye ufunguo. Unapofika kwenye mimba yenyewe, umekwisha kupita mahali kadhaa ambapo mtu mmoja angeliweza kuizuia kwa neno moja jema. Ukifunga kitabu, unajiuliza mahali hapo pako wapi ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mimi nilijikuta nikifanya hesabu hiyo bila ya kupenda. Nilikumbuka mara ngapi nilipandisha sauti mlangoni hata mazungumzo ya wasichana sebuleni yakakatika. Nilikuwa nikiuita ukimya ule heshima. Baada ya Zakaria, sikuweza tena kuuita hivyo kwa uhakika.

WAJIBU WETU

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu.

Kwanza, turudishe somo, kwa sura inayofaa zama hizi. Awe shangazi, awe mwalimu wa madrasa, awe jirani mcha Mungu. Lakini kila binti ajue jina la mwanamke mmoja ambaye anaweza kumwambia lolote na asipigwe.

Pili, tuwafunze wavulana nao. Tumezoea kuihifadhi heshima ya nyumba kwa kumfungia binti, huku mwana wa kiume anatoka na kuingia kama upepo. Mimba haina upande mmoja. Na mwalimu, au tajiri, au mwenye cheo anayewawinda wasichana, tusimpe nafasi ya mbele kwenye maulidi kwa sababu ametoa mchango.

Tatu, likishatokea la kutokea, tulinde uhai wa wawili: mtoto aliye tumboni, na mama yake. Mtoto hulindwa vizuri pale mama yake anapokuwa na hakika kwamba hatatupwa. Nyumba inayosema, "Ukipata mimba usinijie hapa," imekwisha kumwonyesha binti njia ya kwa mtoaji, hata kama baba wa nyumba hiyo anaswali safu ya kwanza.

Nimalize na binti wa ami yangu. Sasa ni bibi mwenye wajukuu. Karibuni nilimwuliza kama anakikumbuka kitabu kile kilichochomwa. Akacheka kidogo. Alinambia kwamba wiki ile ile alikopa nakala nyingine kwa rafiki yake waliyekaa dawati moja, akaimaliza kwa siku mbili. Kisha akaacha kucheka.

"Kitabu hakikunidhuru," akasema. "Kilinitisha vya kutosha, nikajichunga. Lakini siku ile jikoni nilijifunza kwamba neno lile halisemwi nyumbani kwetu. Mwaka uliofuata yule rafiki yangu alipata mimba, akaja kwangu usiku analia. Nilitaka kumpeleka kwa mama. Nikakumbuka mekoni. Nikamwambia aende zake, sijui la kumsaidia. Alikwenda kwa mtu mwingine, na baada ya siku tisa tulikwenda mazishini."

Ami yangu hakulijua jambo hili mpaka akafa. Alikuwa mtu mwema, na alichokichoma alikichoma kwa kumpenda binti yake. Namwombea Mwenyezi Mungu amsamehe, na amsamehe msichana yule na mtoto wake, na atusamehe sisi tuliokuwapo jikoni siku ile tukaangalia moto.

Amin.